Mbiu ya Kerneli



Kama una simu ya Android karibu nawe, na kama umeme upo, ichomeke kwenye chaja sasa hivi. Kabla hujatoa mkono kwenye waya, skrini imewaka na alama ya radi imejitokeza juu ya betri. Sasa jiulize: nani kamwambia nani? Programu inayochora alama ile haina waya unaofika kwenye tundu la chaja. Haipimi volti wala ampea. Imeambiwa. Kuna aliye chini kabisa aliyeona umeme unaingia, akapeleka habari juu, na habari ikafika upesi kiasi kwamba wewe ulidhani mkono wako ndio uliowasha skrini.

Jioni hii nataka tuifuate habari hiyo njia nzima, kutoka kwenye chuma hadi kwenye programu. Kazi yenyewe haina wa kuisifia ikienda sawa. Ikienda kombo ndipo unasikia watu: projekta haionekani, flashi haisomi, modemu imegoma.

Ndani ya simu yako ya Android, na ndani ya seva nyingi zinazoendesha intaneti, mna kerneli ya Linux, ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, na ndiyo inayogusa vifaa. Ndani yake mna draiva, vipande vya programu ambavyo kila kimoja kinajua lugha ya kifaa chake: hiki cha chaja, hiki cha kamera, hiki cha kadi ya sauti. Juu ya kerneli ndiko ziliko programu zote unazozifahamu kwa majina, na huko mafundi hukuita eneo la mtumiaji. Mpaka kati ya pande hizi mbili unalindwa na prosesa yenyewe. Programu ya juu ikijaribu kuchungulia kumbukumbu ya kerneli, inauawa papo hapo.

Kwa kawaida mazungumzo huanzia juu. Programu inaomba ifunguliwe faili, kerneli inajibu. Inaomba isomewe baiti kadhaa, inapewa. Kifaa kinapochomekwa mambo yanageuka, kwa sababu habari imezaliwa chini na huko juu hakuna aliyeuliza. Draiva imeshaona. Impe nani habari hiyo? Haijui ni programu zipi zinazoendeshwa saa hiyo, wala haipaswi kujua. Leo kuna kichezeshi cha muziki, kesho hakipo.

Wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Linux iliishia kuchagua njia hiyo. Draiva haimtafuti mtu mlangoni kwake. Inapiga mbiu, na kila aliyetega sikio anasikia. Lakini mpiga mbiu hasuluhishi kesi. Anachosema ni kwamba pana jambo, ni la namna fulani, liko mahali fulani, nendeni mkaone. Nitalishikilia hilo jioni hii, maana shida nyingi nilizoziona katika kona hii ya kompyuta zimetokana na mtu kuichukua mbiu kana kwamba ndiyo jambo lenyewe.

Tuisogelee flashi. Chukua ile ya kawaida inayouzwa kwenye kila duka la stesheneri, na uitazame mdomoni. Utaona vibati vinne vya shaba. Viwili vya pembeni ni virefu kuliko viwili vya katikati, na hilo halikutokea kwa bahati. Vya pembeni vinapitisha umeme na vya katikati vinapitisha data, kwa hiyo flashi inapoingia hupata umeme kwanza, ndipo inapofikiwa na waya wa kusema. Ikishapata umeme, inauvuta mmoja wa waya za data juu kupitia kizuizi cha ohmu 1,500. Hivyo ndivyo inavyopiga hodi. Upande wa pili, kifaa kinachosimamia matundu ya USB kinaona waya umepanda na kinaiarifu kerneli.

Je, kerneli inatangaza hapo hapo? Haithubutu. Chuma kinapokutana na chuma hakitulii: kinagusa, kinaachia, kinagusa tena, hasa mkono ukitikisika au tundu likiwa limelegea. Kwa hiyo kerneli inautazama waya kila baada ya milisekunde 25, na inataka uonekane umetulia kwa milisekunde 100 mfululizo. Usipotulia ndani ya sekunde mbili, inakata tamaa. Ukitulia, inakiamsha kifaa upya, inakipa namba ya anwani kati ya 1 na 127, kisha inakisomea maelezo yake, baiti 18 tu, ambamo mna namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Hapo ndipo kifaa kinaandikishwa, na mbiu inapigwa.

Mbiu hiyo ina maneno gani? Ni maandishi ya kawaida, ambayo hata wewe ungeweza kuyasoma. Mstari wa kwanza ni kitendo na mahali: neno add, alama ya @, halafu njia ndefu inayoanza na /devices, inayopita kwenye basi la PCI, ikaingia kwenye tundu la USB namba fulani. Kisha zinafuata jozi za jina na thamani. SUBSYSTEM=usb. DEVTYPE=usb_device. PRODUCT, ambapo flashi ya SanDisk Cruzer Blade itaanza na 781/5567. Na SEQNUM, namba ya mfuatano isiyorudi nyuma kamwe. Jozi hizo zote zinapaswa kuenea katika baiti 2,048, basi. Mwandishi wa draiva mwenye hamu ya kueleza mengi atagonga ukuta upesi, na mimi naona ukuta huo umewekwa mahali pake.

Tena mbiu ya flashi moja si moja. Kinatangazwa kifaa cha USB, kinatangazwa kiolesura chake, kinatangazwa kituo cha SCSI ambacho draiva ya hifadhi imekiunda, kinatangazwa diski, zinatangazwa partisheni zilizo ndani ya diski. Ukihesabu utapita kumi. Kwenye diski kuna jambo la adabu ambalo napenda kulitaja. Kerneli inaiandikisha diski lakini inajizuia kwanza kusema, inaifungia mbiu makusudi, inakwenda kusoma jedwali la partisheni, na ikishamaliza ndipo inaitangaza diski, kisha partisheni moja moja. Kwa nini? Kwa sababu ukitangaza mapema, wasikiaji watakimbia na kukuta nyumba haina milango. Kosa hilo limefanywa na draiva nyingi: zinatangaza kifaa, halafu ndipo zinaunda mafaili ya maelezo yake katika saraka ya /sys. Programu ya juu imeshafika, imetafuta faili, imelikosa, imeondoka. Baada ya muda mfupi faili linatokea, na hakuna wa kulisoma. Fundi atasaka kasoro hiyo kutwa nzima, kwa sababu kwenye kompyuta yake ya taratibu haijitokezi.

Na habari yenyewe haipigiwi mbiu popote tu. Kifaa kinapoishtua prosesa, prosesa huacha kila kitu na kukimbilia kipande cha draiva kinachopokea mshtuko huo. Kipande hicho hakiruhusiwi kulala wala kusubiri. Kuandaa mbiu kunahitaji kuomba kumbukumbu, na kuomba kumbukumbu huenda kukamaanisha kusubiri. Kwa hiyo draiva inaandika kazi kwenye foleni na kuondoka, halafu mfanyakazi wa kerneli anaichukua kazi hiyo kwa wakati wake na kuipigia mbiu. Turudi kwenye simu yako. Draiva ya chaja inapoona mabadiliko, kwanza inainua alama kwamba hali imebadilika. Halafu inaizuia simu isisinzie mpaka habari itoke, na kuweka kazi kwenye foleni. Hali ikibadilika mara tano kabla mfanyakazi hajafika, atapiga mbiu moja tu, yenye hali ya mwisho: POWER_SUPPLY_ONLINE=1, yaani umeme upo, na asilimia za betri ni kadhaa. Zile nne za katikati hazitasikika kamwe, na hakuna aliyepungukiwa na chochote.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Toleo la 2.4 la kerneli lilipotoka Januari 2001, mtindo ulikuwa ni kerneli kuizindua programu iliyoitwa /sbin/hotplug kila tukio linapotokea. Kila tukio, programu mpya. Kompyuta inapowaka na vifaa mia vinaonekana kwa mpigo, unapata programu mia zinazogombea kumbukumbu. Mbaya zaidi, hazikufuatana. Ukichomeka kitu na kukichomoa haraka, programu ya kuchomoa iliweza kumaliza kabla ya ile ya kuchomeka, na kompyuta ikabaki ikiamini kifaa kipo ilhali kimo mfukoni mwako. Ndiyo sababu ya ile SEQNUM. Kisha mwaka 2003 Greg Kroah-Hartman alikuja na programu iitwayo udev, na hoja yake ilikuwa kwamba kuvipa vifaa majina ni uamuzi wa eneo la mtumiaji, kerneli isijitie humo. Mwisho wa mwaka 2004, toleo la 2.6.10 likaleta mbiu kwa njia ya ujumbe iitwayo netlink, kazi iliyoandikwa na Robert Love na Kay Sievers pamoja na wenzao. Ujumbe mmoja unatumwa, wasikiaji wote wanaupata, hakuna programu inayozinduliwa. Mpaka leo ndiyo njia kuu.

Sasa niende kwenye kisa kinachotuhusu sisi wa huku. Wengi wetu tuliingia kwenye intaneti kwa modemu za USB. Miaka ile ya 2009, 2010, mitandao ya simu Tanzania na Kenya iliuza modemu nyingi sana, nyingi zikiwa za Huawei, zile ndogo nyeupe zinazochomekwa ubavuni mwa laptopu na kumeza laini ya simu. Aliyetumia Windows alichomeka, akaona dirisha linafunguka lenyewe na kumwekea programu. Aliyetumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, alichomeka akaona CD. CD ya kuwekea programu za Windows, basi. Modemu haikuonekana popote.

Kumbe kifaa kile kilikuwa na sura mbili. Mtengenezaji hakutaka kugawa CD na kila modemu, kwa hiyo akaifanya modemu yenyewe ijitambulishe kwanza kama kisoma CD. Ukiitazama namba zake utaona 12d1, ambayo ni ya Huawei, na 1446, ambayo kwenye modemu nyingi ilikuwa ni sura ya CD. Kerneli haikudanganya hata kidogo. Ilikiuliza kifaa wewe ni nani, kikajibu mimi ni hifadhi, ikatangaza hifadhi. Mbiu ilikuwa ya kweli kuhusu kilichoonekana, ila kilichoonekana hakikuwa unachokitaka.

Dawa ilipatikana juu, kwenye eneo la mtumiaji. Josua Dietze aliandika programu iitwayo usb_modeswitch. Kanuni za udev zinaisikia mbiu, zinaziona namba zile, zinaiita usb_modeswitch, nayo inaitumia modemu ujumbe mfupi wa siri yao, na kwa baadhi ya modemu ujumbe huo ni ile amri ya kawaida ya kutoa CD. Modemu ikishaupata inajizima na kujiwasha. Kerneli inaona kifaa kimetoweka, inapiga mbiu ya remove. Muda si mrefu inaona kifaa kingine kwenye tundu lile lile, mtengenezaji yule yule, bidhaa namba nyingine. Mbiu ya add. Safari hii draiva ya modemu inakidaka, na yanatokea mafaili ttyUSB0, ttyUSB1, ttyUSB2. Wewe umechomeka mara moja. Kerneli imetangaza kuingia, kutoka, na kuingia upya, na kila tangazo lilikuwa sahihi.

Kuna waliodai draiva ndani ya kerneli ndiyo ingefanya mabadiliko hayo kimyakimya, mtumiaji asihangaike. Mimi niko upande wa waliokataa. Orodha ya modemu ilikuwa inarefuka kila mwezi, na mtu wa Mbeya asingengoja toleo jipya la kerneli ili modemu yake mpya ifanye kazi. Faili la kanuni unaliongezea mistari miwili, unaendelea na shughuli zako.

Hata baada ya hapo kuna fumbo lililobaki, na ni zuri. Modemu moja ilitoa matundu matatu, yale mafaili ya ttyUSB, na kila tundu likatangazwa peke yake. Programu inayosimamia modemu, ModemManager, inasikia la kwanza. Ianze kazi? Huenda kuna la pili. Inasikia la pili. Huenda kuna la tatu. Mbiu haina neno la kusema nimemaliza, kwa sababu kerneli yenyewe haijui kama imemaliza. ModemManager inafanya ambacho mtu yeyote angefanya: inasubiri kidogo, ikiona kimya inachukulia kwamba wote wamefika. Ni njia isiyo na fahari na inafanya kazi.

Nije kwenye projekta, chanzo cha jasho la wahadhiri wengi. Kwenye waya wa HDMI kuna pini ya 19. Kompyuta inapeleka volti 5 kupitia pini ya 18, na skrini au projekta ikiwa tayari inaiinua ile ya 19. Draiva ya kadi ya picha inashtuka. Ujumbe inaotoa ni mfupi mpaka unashangaza: kitendo ni change, na maelezo ni HOTPLUG=1. Kwa miaka mingi haukusema hata ni tundu lipi. Ulisema tu kwamba kwenye kadi hii, habari za skrini zimebadilika. Baadaye iliongezwa namba ya tundu kwa draiva zinazoweza kuitoa.

Kwa nini ufupi huo? Kwa sababu kati ya mbiu na msikiaji kuna muda, na katika muda huo waya unaweza kuchomolewa. Kama mbiu ingesema kuna projekta ya upana fulani kwenye tundu la pili, msikiaji angepanga picha kwa projekta ambayo haipo tena. Mbiu ikisema nenda kaone, msikiaji anaiuliza kerneli hali ilivyo sasa, kerneli inasoma maelezo ya skrini, baiti 128 za mwanzo, na jibu linakuwa la sasa hivi. Programu za kupanga skrini zinazofanya hivyo hazikwami. Zile zinazohesabu mbiu, kwamba ya kwanza ni kuchomeka, ya pili ni kuchomoa, ya tatu ni kuchomeka, huishia kuona kinyume siku mbiu moja ikipotea.

Mbiu zinaweza kuzidi pia. Waya mbovu au kibadilishi cha bei rahisi huitikisa pini ile bila kikomo, na prosesa inashtuliwa mfululizo. Draiva ya Intel inahesabu: mishtuko mirefu ikifika kama mitano ndani ya sekunde moja, inaliziba sikio la tundu hilo, inaanza kulikagua yenyewe mara kwa mara, na baada ya dakika 2 inajaribu tena kusikiliza. Kwa matundu yasiyo na pini ya kushtua, kama VGA nyingi za zamani, kerneli hukagua kila sekunde 10. Kwa hiyo ukichomeka VGA na picha ikachelewa, hesabu mpaka kumi kabla hujampigia fundi.

Na je, mbiu ikipigwa hakuna anayesikia? Hilo hutokea kila siku, kila kompyuta inapowashwa. Kerneli huamka kwanza. Inaikuta diski, kibodi, kadi ya mtandao, inazitangaza zote, na eneo la mtumiaji bado halijazaliwa. Netlink haihifadhi mbiu kwa ajili ya watakaokuja. Hata baadaye, msikiaji mzembe akijaziwa foleni yake, zinazofuata zinadondoka, naye anapata tu taarifa kwamba umekosa kitu. Udev huomba foleni ya megabaiti 128 ili hilo lisiwe jambo la kila siku.

Suluhisho nalipenda sana kwa wepesi wake. Kila kifaa kina faili liitwalo uevent katika saraka ya /sys. Ukiandika neno add ndani yake, kerneli inarudia mbiu ya kifaa hicho kana kwamba ndiyo kwanza kimechomekwa. Basi udev ikishaamka, na mwenzake wa Android aitwaye ueventd vivyo hivyo, vifaa vyote vinapitiwa, kila kimoja kinaandikiwa add, na matangazo yanarudiwa yote. Kinachobaki ni kwamba msikiaji asikasirike akisikia habari moja mara mbili. Mwandishi wa programu ambaye hakulifikiria hilo utamjua tu: programu yake inaonyesha kamera mbili wakati umechomeka moja.

Kuna wakati mbiu ilipigwa na asiye mgambo. Mwaka 2009 Sebastian Krahmer wa kampuni ya SUSE aligundua kwamba udev haikuwa ikikagua ujumbe umetoka wapi. Mtumiaji yeyote wa kawaida kwenye kompyuta aliweza kuiandikia udev moja kwa moja, akijifanya kerneli, akisema kuna kifaa kipya hivi na hivi. Udev inafanya kazi kwa mamlaka ya juu kabisa, kwa hiyo ikimwamini inamfanyia anachotaka, na mtu wa kawaida anageuka mwenye kompyuta. Kasoro hiyo iliandikishwa kwa namba CVE-2009-1185, na tiba yake ilikuwa mistari michache ya kuangalia namba ya mtumaji: ujumbe wa kerneli hubeba sifuri. Mwaka uliofuata kasoro ya jinsi hiyo hiyo ikatumiwa kwenye simu za Android, ambako kisikilizi cha mbiu kilikuwa kimerithi usahaulifu ule ule. Wapo waliofurahi, maana waliitumia kuzifungua simu zao wenyewe. Furaha hiyo naielewa, ila mlango ule ulikuwa wazi pia kwa programu yoyote uliyoipakua.

Nimezungumza zaidi juu ya kuchomeka, na kuchomoa ndiko kugumu. Mbiu ya add inaweza kusubiri mpaka kila kitu kiwe tayari. Mbiu ya remove kwenye USB inapigwa flashi ikiwa imeshatoka. Draiva haiulizwi ruhusa. Ulichokihifadhi sekunde chache nyuma huenda bado kiko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hakijaandikwa kwenye flashi, na mbiu ya kwamba flashi imeondoka haikirudishi. Kwa kadi za PCI zinazochomolewa ghafla, draiva inayosoma kifaa ambacho hakipo hupata jibu lenye biti zote moja, na draiva isiyojihadhari hulichukua kama jibu halali na kuendelea kusubiri kitu kisichokuja.

Kwenye seva kubwa watengenezaji waliweka kitufe kando ya tundu la PCI. Fundi anakibonyeza, taa inamulika kwa sekunde 5, na ndani ya sekunde hizo akibonyeza tena ameghairi. Asipoghairi, programu zinaiachia kadi, umeme wa tundu unakatwa, taa inazimika, ndipo anavuta. Huko mbiu inatangulia tendo. Kwenye laptopu kitufe hicho ni cha kwenye skrini, kile cha kuondoa kwa usalama, na najua wangapi kati yenu mnakibonyeza.

Mwenye kompyuta ya Linux afungue dirisha la amri na kuandika udevadm monitor, halafu achomeke chochote alicho nacho: maus, flashi, hata simu. Mistari itaporomoka ya aina mbili. Iliyoandikwa KERNEL ni mbiu mbichi kutoka chini. Iliyoandikwa UDEV ni mbiu ile ile baada ya kanuni kupita juu yake, ikiwa na nyongeza, nayo ndiyo ambayo programu nyingi husikiliza. Tazama mabano ya mwanzo wa kila mstari, mna saa yake, na utaona ni muda gani umepita kati ya ile na hii. Kisha chomoa, na usome mistari inavyofuatana: partisheni, diski, na mwisho kabisa kifaa chenyewe.